Neno Moja Hawakulibadilisha

Mpendwa dada,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko nguo zilizonisubiri leo kazini. Mguu wako unaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanageuka upande? Sisi huku hatujambo. Mwanao, huyu mchanga wangu, ameota meno mawili ya chini, na kila akimwona mtu anacheka apate kuyaonyesha. Kile kikohozi kimemwacha.

Barua yako niliipata Jumatatu. Nimechelewa kujibu, wala si kwa kukosa nafasi.

Uliniuliza kama nami nimeusikia. Dada, nausikia mpaka basi. Kwa dobi ninakopiga pasi redio haizimwi, na ule wimbo wa kigeni hupigwa mara nne kabla ya chakula cha mchana. Bosi wetu, tunayemwita Mama Kola kwa jinsi anavyopenda kola ngumu, huweka pasi kando akakata kiuno. Huniambia nimezeeka kabla ya siku zangu, maana ni mimi peke yangu nisiyeucheza. Nami husema miguu inauma.

Mwenzangu mmoja wa kufua anaijua lugha ile kidogo, nikamwomba anieleze. Akasema ni wa mtu na mpenzi wake, anambembeleza watoke wakacheze. Pale wewe ulipomwimbia mtoto lala, mwili upumzike, wao wameweka amka. Ila neno moja hawakulibadilisha. Mwenzangu anadhani Punje ni jina la huyo mrembo. Nikamwambia ni la mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kama punje ya mtama. Akaniuliza nimejuaje. Pasi nikaisahau juu ya shati la mteja mpaka likaungua.

Umeniandikia kwamba mwizi wa wimbo wako ni yule nesi wa wodi ya watoto, aliyekuwa akisimama mlangoni ukimwimbia Punje zile siku tisa, na kwamba mwisho wa mwezi utamfuata kazini kwake umuumbue mbele za watu. Nakuomba usiende. Yule mama ndiye aliyekuletea kiti. Ndiye aliyemfunika mtoto roho ilipomtoka, sisi tumeshindwa.

Ni mimi, dada.

Nilikuwa na mimba ya miezi sita redio ilipotangaza shindano la nyimbo, mshindi apewe cherehani. Nikajiona nimekaa nyumbani nashona, mtoto kalala miguuni pangu, sisimami tena kwenye mvuke kutwa nzima. Wimbo wangu mwenyewe sikuwa nao. Wako ulikuwa umenikaa kichwani, kwa kuwa siku zote tisa nilikuwa sakafuni, chini ya kitanda cha Punje. Kwenye fomu palikuwa na mstari wa mtunzi, nikaandika jina langu. Nikatia sahihi na kwenye karatasi nyingine, maandishi madogo kama sisimizi, sikuyamaliza. Waamuzi wakasema wimbo unaliza, hauchezeki, nikarudi mikono mitupu. Nikajisemea yameisha, wewe hutajua. Kumbe kulikuwa na mtu aliyeusikia pale akaona unachezeka, ukafika hadi ugenini.

Sikutaka Punje akatiwe viuno. Nilitaka cherehani. Ukweli ndio huo, sina cha kuupamba.

Jumamosi nimeomba ruhusa, nitakwenda redioni niwaambie mtunzi ni nani, hata wakinicheka. Naamini atapatikana mmoja wa kunisikiliza. Kisha nitapanda basi nije kwako na mtoto. Ukinifungia mlango nitakaa nje, nimeyataka mwenyewe. Ila yeye mpokee. Tangu azaliwe sijamwimbia hata mara moja, maana nikifungua mdomo huja ule wako, nikaufunga. Hulala kwa kupigwapigwa mgongoni tu. Kama moyo wako utaweza, siku moja mwimbie wewe, kwa maneno yake yale yale.

Nisalimie shemeji kabla hujamsomea barua hii. Ukishamsomea, sijui kama salamu zangu atazipokea.

Ni mimi mdogo wako,
kitindamimba wa mama.