Safu ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi kanirudishia dodoso langu la utafiti wa jinsi watu wanavyotumia saa zao. Safu yangu ya pili kaipiga mstari mwekundu — ile inayouliza, "Na wakati huohuo ulikuwa unafanya nini kingine?" Eti ukijumlisha yote, siku ya mama wa nyumbani itakuwa na saa thelathini, na magazeti yatatucheka. Bila safu hiyo, anayepika huku anauguza ataandikwa anapika, basi. Kazi yangu yote imo humo! Kamati ya kupitisha dodoso inakaa Ijumaa ya wiki ijayo. Ikikataa, nimekwisha.

Alhamisi, 6 Machi

Majaribio mtaani. Mama mmoja kaulizwa asubuhi yake ilikuwaje. "Sijafanya kitu, nilikuwa nimekaa tu." Mapacha mapajani, mmoja kila ziwa! Mdadisi wetu, mgeni kazini, kaandika: Mapumziko. Nusura nizimie. Nikamwambia afute. Halafu — hapana, usifute! Karatasi hiyo inakwenda kwenye kamati kama ilivyo.

Ijumaa, 14 Machi

IMEPITA!

Nimewasomea habari ya mapacha. Ukumbi mzima mbavu hawana. Mkurugenzi akaleta tena saa zake thelathini. Nikampa vidonge vyake, kwa adabu: hatujumlishi, mzee wangu. Siku ni ileile, safu ya pili inahesabiwa peke yake. Kura zote zangu! Hata yake — mkono kaunyanyua nusu, lakini nimeuona. Nimetoka kifua mbele.

Jumamosi, 15 Machi

Mkurugenzi mwenyewe kanipigia! Anataka nisimamie utafiti wote, nchi nzima. Miezi sita mikoani. Nimeruka jikoni kama mtoto. Jibu analitaka leo, kabla ya saa sita.

Nimemweleza mume wangu. Alikuwa anapiga pasi sare za shule, mwanetu mdogo kamng'ang'ania mguu, mkubwa anamsomea kwa sauti.

"Nenda, mama watoto. Umeisotea hii. Mimi nipo."

Jamani, nampenda mtu huyu! Nikaanza kumpangia: nani apelekwe shule saa ngapi, dawa ya mdogo iko wapi. Akageuza kola, akaendelea kupasi.

"Huko mikoani mtawauliza watu wote, sivyo? Mimi hapa nani atakuja kuniuliza nafanya nini kingine?"

Nimecheka. Yeye hakucheka. Nimejificha mezani na kalamu, na simu inaita tena — ni Mkurugenzi — na kule ndani siisikii tena pasi, anasikiliza nitajibu nini —