Korongo wa Kushoto

Jumamosi, 9 Machi

Siku njema ya kuhama! Kwa kalenda ya wazee mapepo yote yamepanda mbinguni leo, hayamfuati mtu, kwa hiyo nusu ya mtaa inahama. Uwanja wa maghorofa yetu umejaa tangu asubuhi: magodoro, friji, mitungi ya kimchi, ile kabichi ya kuchachua, vyungu vya maua. Na upepo wa bandarini unapeperusha kila kilicho chepesi.

Nimepata kabati. Lilikuwa kando ya mapipa, limeegemea sofa iliyochanika, na ubavuni lina stika ya manispaa, ile inayobandikwa taka kubwa za kutupwa. Milango miwili, droo mbili chini. Mtu alilivisha plastiki nyeupe ya kubandika, imejaa mapovu. Baya kwelikweli! Lakini nimeligonga ubavuni — mbao. Mbao zenyewe, si maganda ya siku hizi.

Lifti imeshikwa na wanaohama, tumepanda nalo ngazi. Baba Sora amelalamika kila ghorofa. Anasema tangu nistaafu upishi wa shule, nyumba yetu imekuwa jalala la pili la mji wa Tongyeong. Ameibandua ile stika, akanibandika mgongoni, akacheka peke yake. Sasa iko kwenye mlango wa friji.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Kitu cha mtu hakiingii hivihivi, amesema, kinaingia na mwenyewe nyuma yake. Amemwaga chumvi, amemwaga maharage mekundu, kisha akaamuru tuligeuze uso ukutani mpaka lizoee. Tumeligeuza. Nani abishane na mtu wa themanini na sita?

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Kabati linatazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa.

Mpango: kijani. Baba Sora ana debe la rangi ya boti yake limebaki nusu. Ndani, kitambaa. Sora akipiga simu kutoka Seoul sitamwambia kitu, maana atasema nimeanza tena.

Jumanne, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilianza na mlango wa kulia. Nikaipasha ile plastiki kwa draya ya nywele, nikachomeka ncha ya kisu butu, nikavuta polepole. Chini yake, vanishi nyeusi tititi. Nikavuta tena. Kitu kikametameta. Nikadhani ni maji.

Kombe! Vipande vya kombe la baharini, vyembamba kuliko ukucha, vimepangwa kimoja kimoja: msonobari, mawingu, jua. Na korongo. Korongo mzima, shingo ameiinamisha, kila unyoya ni kipande chake peke yake. Nikisogea huku anakuwa wa waridi. Nikisogea kule, kijani, halafu zambarau, halafu rangi ambayo sina jina lake.

Nimezaliwa mji huu. Makabati ya kombe yalikuwa kwa kila bibi, tulikua nayo mpaka tukayachoka, tukayacheka, tukanunua ya kiwandani. Leo nimekaa sakafuni mbele ya mlango mmoja mpaka wali ukaungua. Miaka yote ile sikuwahi kuona. Naandika tena: sikuwahi kuona.

Baba Sora ameingia ananuka chaza mwili mzima, akasimama. Amevua kofia! Mtu ambaye hakuivua hata kwenye harusi ya dada yake.

Jumatano, 13 Machi

Mlango wa kushoto. Msonobari upo, mawingu yapo, mwezi upo. Korongo hayupo.

Hakudondoka. Ametolewa kwa kisu. Umbo lake limebaki, shingo na mabawa, shimo jeusi tu, na pembeni mikwaruzo mingi mno. Mtu alikaa hapa akamchimba unyoya baada ya unyoya. Baadaye akafunika yote kwa plastiki nyeupe. Nimeogopa kidogo. Sijui naogopa nini.

Mama mkwe, ambaye alikuwa halisogelei kabati hata kwa fimbo, leo amekuja mwenyewe. Amepitisha kidole ndani ya lile shimo taratibu.

"Korongo huwa wawili," amesema. "Mke na mume."

Kisha akarudi chumbani kwake, akafunga mlango.

Ijumaa, 15 Machi

Ubavuni na juu, vanishi ilitoka pamoja na gundi, mabaka matupu. Huko nimepaka kijani cha boti, mara mbili. Kimekaa! Weusi wa milango umezidi kuwa weusi.

Ndani nimetumia hariri ya lile jamvi langu la harusi — hapana, jamvi gani, hata kalamu imechanganyikiwa. Lile shuka zito la hariri lililojazwa pamba, alilonishonea mama yangu, Mungu amrehemu, jekundu na pindo jeupe. Limekaa kwenye kabati la chumbani tangu niolewe, nani analala chini ya mzigo ule siku hizi? Mkasi uligoma mkononi. Halafu ukakata.

Nimevisha droo zote mbili. Ukivuta, wekundu unakurukia usoni. Nimevuta na kufunga, nimevuta na kufunga, kama mtu asiye na akili.

Jumapili, 17 Machi

Nilijiambia lile shimo niliache kama lilivyo. Sikuweza. Kila nikipita, yule wa kulia ameinamisha shingo kwa mtu asiyekuwepo.

Nimemkata korongo kwa hariri nyeupe ya pindo. Unyoya mmoja mmoja, nikaubandika kwa uji wa mchele, juu vanishi ya boti. Hang'ai kama mwenzake. Mweupe tu, mtulivu, kama mtu aliyefika kutoka safari akakosa la kusema. Nimemtazama mpaka machozi yakanitoka, na mimi si mtu wa machozi.

Mama mkwe amemtazama pia. "Aliyemtoa," ameniuliza, "ulimuuliza kama anamtaka?"

Nimechukia siku nzima. Kwa sababu amesema kweli.

Jumanne, 19 Machi

Tangazo kwenye lifti. Linatafutwa kabati jeupe, milango miwili, droo mbili, lilichukuliwa siku ya kuhama kabla gari halijalipakia. Ni la mama. Tafadhali. Na namba ya simu.

Nikapanda mbio mpaka kwenye friji. Ile stika — tumeishi nayo siku zote hizi na hakuna aliyeisoma! Imeandikwa: sofa, watu watatu. Upepo ule! Uliibandua kwenye sofa ukaitia kwenye kabati, na mimi mwenye tamaa nikaona stika, sikuona maneno.

Baba Sora amefikiri kwa makini, akasema tangazo linataka kabati jeupe, la kwetu ni jeusi na kijani, basi si lenyewe. Mama yake amemchapa goti kwa kijiti chake cha kukunia mgongo.

Lakini niandike ukweli, hapa hasomi mtu. Kwa dakika nzima nilitaka awe amesema kweli.

Jumatano, 20 Machi

Nimepiga. Amepokea binti, Yeonhwa, wamehamia Geoje ng'ambo ya daraja. Ameshukuru mpaka nikaona aibu. Anasema mama yake tangu wahame anakaa ameuelekea ukuta mtupu, mahali kabati lilipopangiwa, na supu anakunywa vijiko viwili kwa kubembelezwa.

Nimemwambia niliitoa ile plastiki. Akauliza plastiki gani. Yeye amelijua kabati jeupe tangu apate akili! Nikamweleza kombe, msonobari, korongo wa kulia. Baadaye, sikumuuliza, akasema mwenyewe: baba yake alipanda meli ya kuvua jodari yeye akiwa na miaka miwili, akabaki huko kwa mwanamke mwingine. Nyumbani jina lake halitajwi.

Kesho wanakuja, na mama.

Korongo wa kushoto sikumtaja.

Alhamisi, 21 Machi

Asubuhi nimeshika draya na kisu. Nimempasha korongo wangu wa hariri. Ncha ya bawa imeinuka kidogo tu, na chini yake nimeiona mikwaruzo ile — nikashindwa. Nimeibandika tena kwa kidole gumba. Mama mkwe alikuwa ananitazama, tayari amevaa nguo yake ya kutokea. Hakunisaidia, hakunikataza.

Wamefika. Naandika jikoni, nimesimama, maji yako motoni, nimesema nawaletea chai.

Bibi, mama wa Yeonhwa, ni mdogo wa umbo kuliko nilivyomfikiria, koti la zambarau, mikono mikubwa ya mtu aliyefungua chaza maisha yote. Hakusalimia mtu. Amekwenda moja kwa moja, akakaa sakafuni pale pale nilipokuwa nakaa mimi. Binti alianza kulia alipoona zile rangi, mama hakulia. Amegusa kijani. Amevuta droo, akaona wekundu, akafunga. Amemgusa korongo wa kulia, kichwani, kama unavyompapasa mtoto aliyelala.

Halafu wa kushoto.

Kidole kimefuata shingo, kimeshuka kwenye bawa, kimefika ile ncha niliyoibandika asubuhi, kikasimama. Kisha bila kugeuka:

"Nani amemrudisha?"

Yeonhwa alinitazama. Baba Sora alitazama soksi zake. Na mimi nikasema chai.

Kutoka hapa mlangoni naona mgongo wa bibi tu. Kiganja kizima sasa kiko juu ya korongo — anamfunika au anambandua, sioni. Maji yanachemka. Vikombe viko tayari; naweka kalamu chini, naenda kumwambia ni mimi.