Maji Chini ya Gari Yako, Abti

Abti,

Assalamu alaykum, mjomba wangu uliyelala huko makaburini, kutoka kwangu niliyebaki huku na spana zako. Najua hakuna posta ya kwenda ulipo. Lakini nikiendelea kuizunguka hii gereji na simu mkononi nitatoboa ardhi, kwa hivyo nimekaa juu ya tairi lako la zamani na daftari. Na ni Kiswahili, kwa sababu ndicho ulichonifundishia majina ya vyuma. Kisomali changu cha kuandika unakijua. Ulikuwa ukisoma orodha yangu ya spea hadi machozi yanakutoka kwa kucheka.

Gari yako imetoka leo asubuhi. Imembeba mkeo na Hodan wenu, inaenda Tarbaj kwa mama mkwe wako. Na nafikiri nimeiharibu.

Ngoja nieleze vizuri. Mama Hodan amemaliza eda. Miezi minne na siku kumi amekaa ndani, na muda wote huo aliomba jambo moja tu: siku ya kutoka, aende kwa mama yake kwa gari yako, si kwa basi. Yule bibi ni mzee, hakuweza kuja mazishini. Bado hawajalia pamoja. Basi mimi, mpwa wako mwenye sura na akili, nikasema niachieni mimi niiandae gari.

Abti, ungeniona! Boneti wazi, mimi juu ya bampa, watoto wa mtaa wamejaa kama wanaangalia mpira. Nilitoa kompresa ya AC, ile iliyokwama tangu nikiwa darasa la tano. Nikatoa pampu ya hewa. Nikatoa lile bomba linalorudisha moshi ndani ya injini, maana ni nani mwenye akili anayemeza moshi aliokwisha kuutoa? Tundu lake nikaliziba kwa bati nene nililolikata mwenyewe. Mipira midogo ya hewa, ile iliyojikunja kama utumbo wa mbuzi, nikaing'oa yote. Nikafunga mkanda mfupi. Sasa unaweza kufikia plagi zote bila kuchubua hata kidole kimoja. Nilipopiga stata ikashika hapo hapo, ikanguruma laini. Mutua, jirani yetu wa kuchomelea vyuma, aliacha kazi akasikiliza. Akasema, "Kijana, hapo umeua." Nikamwambia najua.

Lakini kuna kale kavalvu ka shaba, kenye midomo miwili, kanakoingia pale maji ya moto ya injini yanapopita. Ulikuwa ukinipiga kofi la mkono kila nikikasogelea. "Kinachogusa maji usikiguse mpaka uwe na kingine mkononi." Ni magari mangapi tuliyavua hivyo, mimi na wewe? Na kila mara ulikaacha mahali pake, ukaziba ile midomo tu kwa kipande cha mpira na waya. Mimi nikadhani ni uzee. Nikaona kanaharibu kazi yangu, kamebaki peke yake bila mipira kama jino la mwisho la bibi. Nikaweka spana. Kakakatika. Nikakitoa kipande kilichobaki ndani, tundu la maji likabaki wazi.

Nilitafuta kingine Garissa nzima. Sawa, nusu ya Garissa. Mwisho nikapata bolti ya ukubwa ulioelekea kufaa. Meno yake hayakulingana na ya tundu, nikajua, nikaizungushia tepi ya mafundi wa bomba, nikapaka gundi, nikaikaza mpaka ikalia. Nikaendesha hadi darajani na kurudi. Kavu. Nikarudia. Kavu. Nikalala kama mfalme.

Leo asubuhi geti lilijaa majirani. Bishar, mdogo wake Mama Hodan, amekuja kutoka Nairobi kuwaendesha. Mtu wa miwani ya jua na haraka. Mama Hodan akatoka na nguo mpya, macho yakimuuma kwa mwanga. Akaiangalia injini, akaniangalia. Unajua tangu nije kwenu ananiita Kelele. "Warya Kelele, nyamaza tusikie redio." Leo mbele ya watu wote akasema, "Fundi, Allah akubariki." Abti, nilivimba hadi shati likanibana.

Hapo hapo Bishar akainama, akaona doa la maji mchangani chini ya injini. Akasema, "Ni maji ya AC tu hayo." Akapanda.

Maji ya AC! AC niliyoitoa kwa mikono hii. Na mdomo huu, ambao hata imamu amewahi kuuomba upumzike, ukakaa kimya. Watu walikuwa wakinitazama. Nikapunga mkono. Wallahi, Abti, nilipunga mkono.

Walipopotea nikachuchumaa nikagusa. Yalikuwa mekundu ya kutu. Nikapiga simu ya Bishar, haipatikani. Ya Mama Hodan, haipatikani. Nikamkimbilia Mutua nikamwambia yote. Hakunitukana, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema tu, "Injini ikipata moto, hiyo bolti itaruka kama kifuniko cha soda." Akachakura ndoo yake ya vyuma mpaka akapata kizibo cha shaba, akakilaza kando ya kipande cha kavalvu kalikokatika. Meno kwa meno, sawasawa. Kilikuwa hapo siku zote, hatua ishirini kutoka kwangu.

Sasa nakaa nahesabu barabara. Watakuwa wamepita Dujis. Jua limepanda, na huko hakuna hata mti wa kumficha mbuzi. Bishar ni mtu wa kufungua rejeta kwanza na kufikiri baadaye, na Hodan lazima asimame karibu aone kinachofanyika, anajua kuuliza kama wewe. Naona mkono wako, ule wenye ngozi ya kung'aa mahali mvuke ulipokuunguza. Ulikuwa ukinionyesha ukisema, "Huu ndio cheti changu." Nilicheka. Leo sicheki. Nimepiga tena. Haipatikani. Nimepiga tena.

Niliacha kalamu, Abti. Simu ililia.

Bishar, kutoka Modogashe. Anasema gari imeishiwa nguvu na inanuka, lakini nisijali, sindano ya kipimo cha moto iko chini kabisa, injini ni baridi. Bila maji ile sindano haipimi kitu! Nikapiga kelele: zima, usifungue rejeta, msogeze Hodan. Nikamwambia hayakuwa maji ya AC. AC niliitoa. Nilijua, nikanyamaza. Amenitukana kwa lugha tatu. Kisha Mama Hodan akachukua simu, sauti chini kabisa.

"Ulijua?"

Nikasema ndiyo.

"Nikiwa nimesimama pale?"

Ndiyo.

Simu ikakatika. Sijui ni mtandao au ni yeye.

Wako salama, kwenye kivuli cha hoteli, mtoto amepewa soda. Alhamdulillahi. Injini ndiyo sijui. Huenda kichwa chake kimepinda. Huenda nimeiua gari yako, na bibi wa Tarbaj amekaa mlangoni anasubiri.

Kuna lori la sukari linaenda Wajir, dereva amenikubalia. Nina kizibo cha Mutua, mitungi miwili ya maji na spana zako. Nakuahidi hivi: nikifika sitailaumu barabara, wala jua, wala Bishar. Nitaifungua ile bolti mbele ya Mama Hodan, niiweke kwenye kiganja chake, nimwambie ni mimi. Injini ikiwaka, nitakaa nyuma juu ya mizigo mpaka Tarbaj. Isipowaka, nitamtafutia gari nyingine leo hii, yako niilalie chini hapo Modogashe mpaka ipone, hata nikizeeka nikiwa huko.

Mimi ndiye ninayepaswa kukuombea dua, si wewe kuniombea mimi. Allah akurehemu, akupanulie kaburi lako. Dereva ananiita. Pumzika, Abti. Usisumbuke kunigombeza leo. Mkeo ananisubiri Modogashe.

Mpwa wako,
Yunis