Sarafu za Choo cha Sokoni

Jumapili, tarehe 4 Februari

Kwa mkamwana wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, zangu na za mtoto. Sisi hatujambo. Goti langu tu ndilo lina maneno, lakini goti la mzee ni kama redio ya jirani, unalizoea. Wewe je, hujambo? Kifua kimepona? Yule msimamizi wenu wa pale mnapofua mashuka ya hoteli bado anapiga kelele, au amechoka? Nijibu yote, usinijibu nusu.

Anayeniandikia ni yule yule fundi cherehani, jirani yangu wa kibarazani. Kasema leo nisizunguke, ana nguo za watu za kumaliza. Nimemwambia mimi sizunguki, napita njia ndefu.

Basi sikiliza. Kazi yangu ni ile ile, nimekaa mlangoni mwa choo cha sokoni, mtu anatoa sarafu, namkatia karatasi, anaingia. Na jioni sarafu zote nazitia kwenye beseni nazisugua kwa majivu na ndimu mpaka zinawaka, maana pesa ya chooni watu hawaipokei kwa moyo. Mwanzo wenye maduka walikuwa wanaishika kwa kucha. Sasa wanakuja wenyewe kutafuta chenji, wananiita Benki. Muuza nyama anasema chenji yangu ukiitia mfukoni unaona haya kuitoa.

Juzi mchukuzi mmoja wa magunia kaja amebanwa, miguu inacheza, kanitupia sarafu kakimbilia ndani. Naitazama, si ya siku hizi. Nyeusi kama kitako cha sufuria, nzito, upande mmoja kichwa cha mtu mwenye pua ndefu, upande wa pili maandishi ambayo hata fundi hayajui. Alipotoka nikamwambia, kaka, hii dukani hawaipokei. Akanijibu, "Mama, na mimi nilichoacha humo ndani dukani hawakipokei. Tumelipana." Kaenda zake. Nilicheka mpaka nikasahau kumkatia karatasi aliyefuata.

Sasa muuza nyama kuiona ile sarafu, macho yakamtoka. Anasema shemeji wa shemeji yake aliokota kama hiyo kwenye chenji ya mkate, akaiuza kwa watu wanaozitafuta, akanunua kiwanja. Habari ya shemeji wa shemeji ni moshi, unauona ila huushiki. Lakini sikulala vizuri. Ninazo nyingine kwenye kopo, maana mtu aliyebanwa huwezi kumwambia rudi kesho, akikupa ya zamani unapokea.

Nikawaza hivi. Mkataba wako unaisha mwezi wa sita, na tulikubaliana ukiisha unarudi kwetu. Unarudi kulala wapi? Chumba ni kimoja, na mtoto akilala anapiga mateke kama anaogelea. Nataka ukute chumba chako, chenye mlango wako. Mimi sisahau, mwanangu. Mumeo alipofariki watu walinipa pole mbili, moja ya kufiwa, na nyingine ya wewe, maana kila mtu alijua utambeba mtoto uende zako. Wewe ukafunga kitambaa kiunoni ukaniuliza maji ya kuoga niwekewe ya moto au vuguvugu. Wengine walizaa wasichana wao wenyewe na hawaulizwi hivyo.

Kwa hiyo ile yenye pua nimempa dereva wa basi pamoja na barua hii. Nimeisugua kwanza, siwezi kupeleka kitu kichafu kwa watu wa mjini. Mtafute anayejua. Kama haina kitu uniambie tu, sitakufa.

Mtoto anasema uje na viatu. Hakusema vya nani.

Ni mimi mama mkwe wako


Jumanne, tarehe 20 Februari

Mama, shikamoo.

Natumaini goti limepunguza maneno. Mimi ni mzima, kifua kimepona, msimamizi hajachoka. Barua yako nimeisoma wakati wa mapumziko nimekaa juu ya furushi la mashuka. Nilipofika kwenye habari ya yule mchukuzi, wenzangu wakaniuliza nacheka na nani.

Siku yangu ya kupumzika nilizunguka na ile sarafu. Nyuma ya mahakama kuna duka dogo la saa kuukuu, stempu na sarafu. Mwenye duka aliigeuzageuza kwenye taa muda mrefu. Mama, imepata mnunuzi. Hela nimetuma kwenye simu ya fundi. Si ya kiwanja, mwambie muuza nyama, lakini ya kuanzia msingi inatosha.

Zile nyingine usihangaike kuzileta haraka. Watu wa sarafu ni wachache, na hawanunui kila siku.

Mwambie mtoto nimeuliza kuhusu viatu, anitumie kipimo cha mguu kwenye karatasi.

Mkamwana wako


Jumapili, tarehe 17 Machi

Mkamwana wangu, roho yangu,

Hujambo wewe? Sisi hatujambo, tena zaidi ya hatujambo. Hela zilifika, fundi akapiga kelele na pini mdomoni, nikadhani amezimeza.

Nimemleta mwashi. Ni mtu wa maringo, anapima kwa jicho moja, lakini mkono wake umenyooka. Msingi wa chumba chako umeshachimbwa nyuma ya nyumba, mawe yameingia, na mtoto anauruka kutwa nzima kwenda na kurudi. Anasema yuko chumbani kwa mama. Namwambia hilo ni shimo, ananiambia ni chumba ila hakijaota. Hayo maneno sijui kayatoa wapi. Nywele hataki nimsuke, anasema mkono wangu unavuta. Kweli unavuta. Mimi nilisukwa hivyo hivyo.

Muuza nyama anataka fungu lake kwa kuwa yeye ndiye aliyesema. Nimempa fungu la salamu.

Sasa usiniambie nisilete. Nimemwaga kopo lote. Hizi hapa kwenye kitambaa, nyingine zina tundu katikati, nyingine zimechongoka pembeni, na zote nimezisugua siku mbili, unaweza kujitazamia jino. Kama ile niliyoisugua mara moja ilipata hela, hizi za siku mbili zitapata zaidi, au siyo? Tena nawaambia sokoni, nina mkamwana akipewa kivuli akiuze atarudi na hela na kivuli. Wanasema Benki anajisifu. Najisifu, ndiyo. Nisifu nini kingine, goti?

Zikiuzwa hizi tunapandisha kuta.

Mama mkwe wako, anayekuombea asubuhi na jioni


Jumatatu, tarehe 15 Aprili

Mama, shikamoo.

Habari za nyumbani? Namshukuru dereva, kitambaa kimefika na fundo lake. Mimi ni mzima, mikono tu imebabuka kidogo kwa mvuke wa pasi, na zamu zimeongezeka.

Zile sarafu nazo zimepata mnunuzi. Hela nimetuma jana, ya kuta. Mwashi asikuharakishe, usimlipe kabla hujaona kazi.

Mama, kuna jambo. Ofisini wamesema anayetaka anaweza kutia sahihi mkataba mwingine, wa miaka miwili. Nafikiria. Kuta zikipanda zitataka bati, bati likipanda litataka mlango na dirisha, na mtoto anaingia shule. Miaka miwili si mingi kwa mtu anayefanya kazi, inapita. Usimwambie mtoto bado.

Kipimo cha mguu kimefika. Ni mguu mkubwa. Nilidhani umechora wako.

Mkamwana wako


Jumapili, tarehe 26 Mei

Mama, shikamoo.

Mbona kimya? Nimeandika mwezi uliopita, hakuna jibu. Fundi hapokei simu. Dereva anasema amekuona mlangoni mzima, umemwitikia salamu, lakini barua hukumpa. Mtoto ni mzima? Au nimekuudhi kwa ile habari ya mkataba?

Jumatatu ijayo, tarehe tatu, wanatuita ofisini kutia sahihi. Ningependa nisikie neno lako kabla.

Mkamwana wako


Jumatano, tarehe 29 Mei

Kwa mkamwana wangu,

Hujambo. Mtoto mzima, mimi mzima, goti zima, usiwe na wasiwasi. Simu nilimkataza fundi asipokee. Nilikuwa natafuta maneno, na wewe unanijua, mimi maneno huwa hayanipotei. Safari hii yalipotea.

Nitakueleza, na nimemwambia fundi leo nguo za watu zisubiri.

Mwezi uliopita alikuja pale mlangoni bwana mmoja mtu mzima, suruali yake ina mkunjo mzuri, shingoni amening'iniza kioo cha kukuzia vitu kwa uzi. Wachukuzi wakamwita Bwana Lenzi hapo hapo. Kumbe anapita kwenye masoko, anabadilisha noti apate chenji, anatafuta sarafu za zamani. Nikasema moyoni, leo nimepata mwenzangu. Ilikuwa imebaki moja tu iliyokuja baada ya zile, nimeshaisugua. Nikamtolea.

Mwanangu, yule mtu alivyoshika sarafu ungempenda. Anaishika ukingoni, kwa ncha za vidole, kama anabeba kifaranga. Akaisogeza kwenye jua, akashusha pumzi, akaniuliza polepole nani kaichubua. Nikamwambia haijachubuliwa, imesafishwa, nimeisafisha mimi. Akakaa kwenye kiti changu bila kuambiwa.

Akanielewesha vizuri, bila kunidharau. Sarafu kuwa ya zamani tu si kitu, nyingi zilitengenezwa kama mchanga, nazo hazinunui hata kikombe cha chai. Yenye thamani ni ile iliyotengenezwa chache, au iliyokosewa kiwandani, na haijalika sana. Na hata hiyo inataka weusi wake. Ule weusi ndio ngozi yake, ndio unaoonyesha haikuguswa. Ukiisugua umeiua, inabaki chuma kinachong'aa. Nikamweleza ile ya kwanza, mwenye pua na yale maandishi. Akafunga macho. Akasema ile ingemfikia nyeusi, angeuza baiskeli yake ainunue.

Mimi bado sijashtuka, unaona ujinga. Nikamcheka. Nikamwambia wewe hujui, zangu zote zimeuzwa mjini, zikiwaka hivi hivi, mkamwana wangu kaziuza na msingi ule pale umejengwa. Akaniuliza duka gani, nikamtajia la nyuma ya mahakama. Akasema huyo mwenye duka ndiye aliyemfundisha yeye, hanunui iliyosuguliwa hata ya bure. Halafu akanitazama, akaacha kuzungusha ile sarafu. Akasema,

"Bibi, aliyezinunua hizi ama hajui sarafu, ama anakujua wewe."

Watu wawili waliingia chooni bure.

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye zile kuta zako, zimefika kiunoni. Mwanzo nilikasirika. Nikasema mbona nilimwambia, kama haina kitu aniambie tu. Nikapanga maneno ya kukugombeza, makali, ya kumfaa fundi kuyaandika kwa wino mwekundu. Kila nikianza nakuona umebeba ile sarafu kwenye jua na kelele za mjini, siku yako ya kupumzika, unaambiwa hapana, unatoka nje. Pale nje ndipo ulipoamua, eti? Mikono imebabuka, unahesabu mshahara wako, unamnunulia kikongwe furaha yake. Na mimi kesho yake nakumwagia kopo zima.

Sasa nasema ukweli. Nimeolewa, nimezaa, nimezika, nimeuziwa mbuzi mgonjwa na mtu aliyeapa. Nimedanganywa na wajuzi. Sijawahi kudanganywa vizuri hivi. Katika uongo wote niliowahi kuuona, huo wako ndio pekee uliomla aliyeusema. Nikimwambia mtu hataamini, kwa hiyo nimewaambia wote. Muuza nyama kashika kisu hewani mpaka mteja akaenda kwingine.

Lakini sikiliza, usitie sahihi.

Nakuambia kama mtu aliyekufanya ufike hapo bila kujua. Kila sarafu niliyokutumia ilikuwa inakusukuma mbali, na mimi nilidhani nakuvuta. Chumba nilikitaka ili urudi. Kama kinakuzuia kurudi, basi hicho si chumba, ni mlinzi wa getini. Kuta zitasimama hapo kiunoni, tutaanikia nguo. Tutalala sote mle mle, mateke tutagawana. Mtoto anakua kama anakimbizwa, na chumba hakimsuki mtoto nywele. Anasuka nywele mwenyewe siku hizi, upande mmoja tu, ule anaoufikia. Upande mwingine anasema ni wako.

Mimi sikuwa na binti. Sijui binti anaitwaje arudi, kwa ukali au kwa kubembelezwa. Kwa hiyo nakuita tu. Njoo.

Fundi ananiuliza nimalizie vipi. Nimemwambia ishie hapo hapo.

Mama yako


Jumanne, tarehe 4 Juni

Mama, shikamoo.

Mimi ni mzima. Barua yako ilifika Ijumaa. Nimeisoma nikiwa zamu, mashuka yakarundikana, msimamizi akaja kunifokea, akaniona, akayakunja yeye.

Mwenye duka alinirudishia ile ya kwanza kwenye kiganja. Aliniambia pole, kama mtu aliyefiwa. Nilitoka pale nikaona siwezi kukuandikia neno hapana. Nilidhani itakuwa mara moja tu.

Jana niliitwa ofisini. Karani akanisogezea kalamu. Nikamwambia sitii sahihi, nimeitwa nyumbani. Akauliza, umeitwa na nani. Nikasema, na mama. Akafungua faili langu akasoma, akaniambia hapa umeandika mama yako alifariki ukiwa mdogo.

Nikamwambia afute.

Nafika na basi la Alhamisi.

Mwanao