Hisa na Mnyama Angali Anatembea

Jumanne, baada ya Magharibi

Tumebishana tena dukani kwa shemeji Hassan. Redio imesema kampuni tuliyonunua hisa zake, mimi na yeye, imezama kwenye madeni, na bei ya hisa imeshuka tena.

"Vumilia, shemeji," akaniambia. "Mvua ikinyesha, hata ng'ombe mkondefu hunenepa."

"Ng'ombe hula nyasi, Hassan. Huyu wetu analiwa na riba."

Wateja waliokuwapo wakacheka. Yeye akanuna.

Niliuza mitamba wawili kununua hisa hizo, ziwe karo ya binti yangu Halima. Naogopa, wallahi. Lakini ukame ulipoanza, marehemu mama aliuza mnyama angali anaweza kutembea hadi sokoni. Mimi nimengoja mno.

Kesho, inshallah, napeleka cheti cha hisa benki waniuzie. Hassan akiniita mwoga, na aniite. Halima hatasomeshwa kwa subira ya Hassan.