Taa ya Bluu Iliwaka, Mama Akakosa Pumzi

Mshauri, nisaidie kabla sijachelewa zaidi. Fundi umeme wa magari ameniambia leo asubuhi kwamba plagi ya matundu matatu niliyonunua mimi ndiyo iliyoizima mashine ya oksijeni ya mama wiki iliyopita tukienda kliniki, imeyeyuka kwa ndani, na siku ile niliichomeka kwenye soketi ya kuwashia sigara, nikachomeka humo na feni ili mama asione joto, taa ya bluu ya plagi ikawaka nikaridhika. Tukiwa kwenye foleni ya magari mama akaanza kutweta, mashine iko chini nyuma ya kiti changu siioni, nikaitazama ile taa nikamwambia, "Umeme upo, mama, tulia uvute pumzi," nikarudia na kurudia, mpaka midomo yake ilipobadilika rangi ndipo nikakata kona kwenye zahanati ya karibu, muuguzi akamwekea mtungi wa oksijeni, mama akarudiwa na pumzi.

Tangu hapo mama anaamini mapafu yake yamefika mwisho, maana kwa hesabu yake oksijeni ilikuwepo na bado hakupata pumzi. Tumepewa miadi mpya Alhamisi saa tatu, hataki kuisikia. Ameanza kugawa nguo. "Magauni ya kijani mpe dada yako," ananiambia, "shangazi yako asiyaguse, atayapasua mgongoni." Tunacheka naye, kisha naenda kujifungia bafuni. Dada anasema ninyamaze, mama akijua hatapanda gari langu tena. Nifanyeje?
Kitindamimba

JIBU

Kitindamimba, pole. Pole kubwa zaidi ni ya mama yako, anayejiandaa kufa kwa sababu ya plagi.

Dada yako amekosea. Ulimhakikishia mgonjwa kitu ambacho hukukiangalia, naye akakuamini wewe kuliko kifua chake. Siku ile huwezi kuirudisha. Mwambie leo, na umpe ile plagi iliyoungua aishike mwenyewe. Akifoka, usijitetee.

Sasa gari. Taa ndogo kama ile huwaka hata kwa umeme kiduchu. Haikuambii kama plagi inamudu mzigo. Soma ampea zilizoandikwa kwenye mashine, yaani kiasi cha umeme inachovuta, kisha nunua konekta, kiungio cha nyaya, inayobeba zaidi ya hizo, ya kujifunga, isiyolegea kwenye mashimo ya barabara. Fundi avute waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, fyuzi ikae karibu na betri, na viungo avibane kwa koleo maalumu la kubania nyaya. Akianza kusokota nyaya na kuzungushia tepu, mtoe hapo. Laini hiyo ni ya mashine peke yake. Feni itafutie pengine.

Akimaliza, liweke gari nje likiunguruma, washa mashine kwa muda wa safari nzima, halafu ishike konekta. Ikiwa ya moto, kazi irudiwe. Hata ikiwa baridi, usitoke bila betri ya akiba ya mashine iliyojaa, na uwaulize kliniki kuhusu mtungi wa safarini.

Mpelekee fundi gari Jumatatu. Jumatano fanyeni jaribio, mama akiwa amekaa pembeni anaona. Alhamisi saa tatu mnatakiwa kliniki.