Joto la Watu wa Westlands

Mama,

Siku za barakoa zimekwisha. Nilikuwa nimepanga kuanza na habari za nyumbani, lakini hii ndiyo iliyonikaa kooni tangu asubuhi. Leo nimepita Westlands, mbele ya lile jengo ulilokuwa ukililinda. Mlangoni hakuna ndoo ya maji, hakuna sabuni, hakuna meza. Soja aliyesimama mahali pako ni msichana mdogo, anakagua mikoba, basi. Nilitaka kumwuliza kama anajua nani alisimama hapo kabla yake. Nikaogopa atasema hajui, nikaenda zangu.

Hapa Uthiru tupo. Kamau amepata binti wa kwanza na amempa jina lako, kama mila yetu inavyotaka, kwa hiyo siku hizi wewe unatambaa sebuleni na umeshavunja vikombe viwili. Mimi ile saluni ya Kilimani iliyonifuta kazi imeniita tena. Wateja wamejaa, wanaongea juu ya ule ugonjwa kama watu wanaokumbuka mvua ya mwaka jana. Nasuka nywele zao, na nina hasira Mama, nina hasira hata vidole vinauma.

Unakumbuka serikali ilipofungua barabara za kuingia na kutoka Nairobi? Tuliambiwa kwenye televisheni kwamba sasa kujikinga ni jukumu la kila mwananchi. Wewe ulivua viatu vyako vya kazi, ukasema, "Haya, tumeachiwa sisi." Kesho yake mji ulijaa kama ndama waliofunguliwa zizi, na wewe ndiwe uliyewapokea mlangoni. Barakoa kidevuni, barakoa mfukoni, barakoa inaning'inia sikio moja. "Mzee, kidevu chako hakiumwi, funika pua," uliwaambia, na wengine walicheka wakatii. Wengine walikutukana. Yule kijana wa tai alikwambia, "Mathe, wewe ni soja ama ni daktari? Wacha stori, nimechelewa." Ulipotusimulia ulimwiga mpaka Kamau akamwaga chai. 

Kisha kile kipima joto cha mlangoni kikafa. Betri tu. Ulimwambia meneja wa jengo, akasema ataleta. Ulipomwambia mara ya pili, akakujibu uendelee kukielekeza kwenye mapaji ya nyuso za watu hivyo hivyo, mradi waone wanapimwa. Na kwa kuwa amri ilikuwa kila anayeingia aandikwe daftarini pamoja na joto lake, ukaanza kuandika thelathini na sita nukta tano. Wakili, thelathini na sita nukta tano. Mama mwenye mtoto mgongoni, thelathini na sita nukta tano, na mtoto naye. Wiki baada ya wiki Westlands nzima ikawa na joto moja. Mkaguzi wa afya alipokuja kutoka serikalini alilifunua daftari lile, akasifu mwandiko wako, akatia sahihi, akaondoka. Hakuomba hata kukijaribu kile kifaa kwenye mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo ninaposhindwa kusamehe. Watu wa kawaida wanachoka, wanasahau, wana kiburi, hilo naelewa. Yeye alitumwa kuangalia kitu kimoja tu.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Ilikuwa Jumapili mchana, tunachambua maharage uani, wewe na mimi. Ulisema, "Ijumaa nimeingiza mtu mgonjwa. Nilimwona macho, nikaona jasho, nikamwandika tu kama wengine." Ukasema mkaguzi akirudi utamwonyesha kwamba kifaa hakiwaki. Na mimi, ambaye nilikuwa sina kazi, na Kamau hana, na chakula chetu chote kilitoka kwenye zile sare zako za bluu, nilikwambia, "Nyamaza, Mama. Wakikufuta tutakula nini? Kazi ziko wapi siku hizi?" Ulinitazama kidogo. Ukasema, "Sawa, mwanangu," ukaendelea kutoa mawe kwenye maharage.

Alhamisi ukaanza kukohoa. Sijui kama ni mtu yule wa Ijumaa au ni mwingine, na hakuna atakayejua, maana daftari linasema wote walikuwa wazima. Hospitali ya kwanza haikuwa na kitanda. Ya pili walituacha kwenye benchi nje mpaka ukaanza kutetemeka. Ya tatu walikuchukua, wakanizuia mlangoni. Ulinipungia mkono kutoka kwenye kiti cha magurudumu, na hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipokuona, kwa sababu jeneza halikufunguliwa.

Tulikuzika tukiwa kumi na tano, idadi iliyoruhusiwa na serikali. Chifu mwenyewe alisimama getini kwetu akihesabu vichwa, akawarudisha kina mama wa kikundi chako cha kanisa, wale uliowazikia waume na kuwapikia harusi. Waliimba barabarani, nje ya ua. Mchana huo huo, hapo hapo Waiyaki Way, mheshimiwa wetu mbunge alipita amesimama juu ya gari, na umati nyuma yake hauna barakoa, na polisi wanamfungulia njia. Tulizisikia vuvuzela tukiwa bado tumeshika udongo. Tata Njeri, dada yako, aliniuliza, "Hao nao wamehesabiwa na nani?"  

Na siku hiyo mimi ndiye niliyesoma wasifu wako. Niliandika jinsi kila familia inavyoandika kwenye karatasi za mazishi: alituacha baada ya kuugua kwa muda mfupi. Niliogopa majirani wangetukimbia. Niliogopa pia mtu angeuliza uliupata wapi, na jibu lingenifikia. Ulikuwa mkweli maisha yako yote Mama, nikakuzika na uongo, tena nikausoma kwa sauti nzuri.

Jumamosi hii tuna ibada ya kukukumbuka. Sasa hakuna wa kutuhesabu, kwa hiyo Tata Njeri ameita kila mtu, hema limekodishwa, na mheshimiwa amesema atakuja kwa sababu uchaguzi unakaribia. Atasema ulikuwa nguzo ya jamii. Kamau amenitumia karatasi ya wasifu kabla haijachapishwa, na yale maneno ya kuugua kwa muda mfupi bado yamo. Nimemwambia nayaondoa. Akanijibu, "Usituharibie siku. Mheshimiwa atakuwa amekaa pale mbele." Tumegombana, na simu zangu hapokei.

Karatasi wachapishe wanavyotaka. Atakayesimama kusoma ni mimi, na nitasoma yangu niliyoandika upya. Nitawaambia ni korona, na ilikupata kazini, mlangoni, ukilinda watu kwa kitu kisichofanya kazi, na kwamba aliyetumwa na serikali alikuja akasifu mwandiko. Nitamtazama mheshimiwa nikisema ni nani walioruhusiwa kujaa barabarani siku tuliyokuzika, na ni nani waliorudishwa getini. Najua baadhi watainamisha vichwa na wengine watakohoa ili nikomee hapo.

Na meneja nitamtaja, na mkaguzi nitamtaja. Ila hiyo yote ni rahisi, Mama, hao ni watu wengine.

Lala salama. Nakuahidi jambo moja tu, na ndilo gumu kuliko yote: nikifika Jumapili ile ya maharage, pale nilipokwambia unyamaze, sitaruka mstari.

Binti yako,
Wairimu